Mwarobaini au Mmelia? Jinsi ya Kuujua Mti wa Uani Kabla ya Kuchuma Majani Yake



Mwaka juzi, mwezi wa Novemba, binti wa rafiki yangu aliyehamia na mumewe katika nyumba ya kupanga huko Nizwa alinitumia picha kwa WhatsApp. Kiganjani mwake alikuwa ameweka jani dogo moja, urefu wake kama kidole, lenye meno ukingoni mithili ya msumeno. Chini ya picha aliandika: "Shikamoo ami. Uani kwetu kuna mti mzuri wa kivuli. Huu si muarubaini huu?"

Niliitazama picha ile kwa sekunde chache. Nikajibu: "Marahaba mwanangu. Ndio wenyewe. Umepata duka la dawa uani." Nikaweka simu chini, nikaendelea na kahawa yangu.

Nilikosea. Wiki tano baadaye mwanawe wa miaka 3 alikuwa akicheza chini ya mti ule, akiokota vijitunda vya manjano na kuvitafuna. Mama yake alimwona, lakini hakushtuka. Alikumbuka mamake akisimulia kwamba walipokuwa watoto Unguja walifyonza matunda ya mwarobaini yakiiva, na hakuna aliyedhurika. Isitoshe, ami amekwisha sema kuwa ndio wenyewe. Usiku mtoto akaanza kutapika, kisha kuharisha, kisha akalegea hata kusimama hawezi. Alilazwa hospitali siku 2. Alhamdulillahi, alirudi nyumbani mzima.

Baba yake alikuwa amepeleka tawi la mti hospitali. Nilipoonyeshwa picha ya tawi lile zima, sikuhitaji hata kuvaa miwani. Haukuwa mwarobaini. Ulikuwa mmelia, nduguye mwarobaini, ambao matunda yake ni sumu. Hakuna aliyenigombeza. Binti aliniambia maneno haya tu: "Ami, mimi niliuliza."

Ndiyo maana naandika. Wengi wetu tunaoishi huku Ghuba tuna mapenzi na mwarobaini, na tunapoona mti unaofanana nao uani, bustanini au kando ya barabara, mkono hutangulia kuchuma kabla jicho halijamaliza kutazama.

Kwa nini miti hii inatuchanganya

Miti hii miwili ni ya ukoo mmoja, ukoo ambao ndani yake yumo pia mkangazi wetu wa mbao. Hata wataalamu waliiweka pamoja. Mwaka 1753, Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyeipa mimea majina yake ya Kilatini, aliiingiza yote miwili katika jamii moja aliyoiita Melia: mmoja Melia azedarach, wa pili Melia azadirachta. Hebu yasome tena majina hayo uone yanavyofanana. Yote mawili yametokana na maneno ya Kiajemi, azad dirakht, yaani mti huru, au kwa Kiswahili chetu, mti mwungwana. Mwaka 1830 ndipo Jussieu wa Ufaransa alipoutenga mwarobaini na kuupa jamii yake, Azadirachta indica. Mmelia ukabaki na jina la zamani.

Katika majina ya kila siku mambo ni hayo hayo. Sisi tunasema mwarobaini, na Unguja husikika zaidi muarubaini, kwa sababu wazee waliamini kuwa unatibu maradhi 40. Waomani wengi huuita sherish. Wahindi husema neem. Mmelia nao, Wamisri na watu wa Sham huuita zanzalakht, na kwetu Afrika Mashariki wapo wanaouita mwarobaini nusu. Jina hilo la mwisho ndilo la hatari kuliko yote. Mtu akisikia "nusu" hudhani ni dawa iliyopungua nguvu kidogo, inayotibu maradhi 20 badala ya 40. Mti huu haupaswi kuhesabiwa katika dawa za nyumbani hata kidogo.

Mimi nilikuwa karani zaidi ya miaka 30. Katika ofisi yoyote ya Maskati akina Salim ni wengi, na akina Salim bin Said nao si haba. Karani akipokea barua ya Salim haendi kuifungia katika faili la kwanza analoliona. Atauliza jina la baba, jina la babu, kabila, na tarehe ya kuzaliwa. Mti nao uulizwe hivyo hivyo. Alama moja haitoshi. Kosa langu lilikuwa kumtambua Salim kwa jina la kwanza peke yake.

Alama ya kwanza: jani zima

Hapa ndipo nilipoanguka, na ni aibu kwangu, kwa sababu somo hili nilifundishwa nikiwa na miaka 12. Katika shule ya misheni niliyosoma, mwalimu wa elimu ya viumbe alituagiza tumletee kila mmoja jani moja la mkrismasi, ule mti wa maua mekundu uliokuwa mbele ya darasa. Nusu ya darasa tulirudi na vijani vidogo kama punje ya mchele. Mwalimu akaturudisha mtini. "Hicho si jani," alisema. "Hicho ni kipande cha jani."

Msomaji wa pwani atalielewa jambo hili upesi akikumbuka mnazi. Kuti zima la mnazi ni jani moja. Kila ukuti ni sehemu tu ya jani hilo. Miti mingi ya mapambo ina majani ya namna hiyo, kikonyo kimoja kikuu chenye vijani vingi pande mbili. (Nikisema "vijani" hapa nina maana ya majani madogo, sizungumzii rangi.)

Utajuaje jani linaanzia wapi? Fuata kikonyo kurudi nyuma mpaka kinaposhikana na tawi la mti wenyewe. Pale kwapani, kati ya kikonyo na tawi, utaona kichipukizi kidogo. Kwenye kwapa la kijani hakuna kichipukizi. Basi chuma kuanzia pale kwenye kichipukizi, na hilo ndilo jani zima.

Sasa litandaze mezani.

Jani la mwarobaini limegawanyika mara moja tu, kama kuti la mnazi. Kikonyo kikuu ni kimoja, urefu wa sentimita 20 hadi 40 hivi, na vijani vimepangwa pande mbili, kwa kawaida kati ya 8 na 19. Kila kijani kimepinda kama mundu, kina meno ukingoni, na chini kabisa, pale kinaposhikana na kikonyo, pande zake mbili hazilingani: upande mmoja ni mpana kuliko mwenzake. Mara nyingi kile kijani cha nchani kabisa hakipo.

Jani la mmelia limegawanyika mara mbili, na pengine mara tatu. Yaani kwenye kikonyo kikuu hakuoti vijani moja kwa moja. Vinaota vikonyo vingine vya pembeni, na juu ya hivyo ndipo vijani vinapokaa. Ni kuti lililozaa makuti. Vijani vyake navyo vina meno, vina ncha, lakini havipindi sana kama mundu. Vimekaa zaidi kama yai lililochongoka.

Ndugu msomaji, ukilikumbuka hili moja tu katika makala yote, yatosha. Likigawanyika mara moja, endelea kuuchunguza, huenda ni mwarobaini. Likigawanyika mara mbili, si mwarobaini, hata kama vijani vyake vina meno, na hata kama jirani ataapa. Na kijani kimoja kilichowekwa kiganjani hakiwezi kukwambia lolote juu ya hilo. Picha niliyotumiwa haikuwa na ushahidi niliouhitaji, nami nilitoa hukumu.

Alama ya pili: maua

Huku kwetu miti yote miwili huchanua majira ya joto yanapoanza kukaribia, na yote miwili hunukia. Kwa hiyo pua isikudanganye, tumia macho.

Maua ya mwarobaini ni madogo, meupe au rangi ya maziwa, yamening'inia katika vishada kati ya majani. Hata kile kijibomba kidogo cha katikati ya ua ni cheupe.

Maua ya mmelia ni ya urujuani hafifu, na katikati ya kila ua kuna kijibomba chembamba cha rangi ya zambarau iliyoiva, karibu na nyeusi. Ni maua mazuri mno, na ndiyo yaliyoufanya mti huu upandwe bustanini na mitaani karibu dunia nzima yenye joto. Ukiona urujuani, mwarobaini haumo.

Alama ya tatu: tunda na kokwa

Tunda la mwarobaini ni la mviringo mrefu kama zeituni ndogo, urefu wa sentimita 1.5 hadi 2.8 hivi. Likiwa bichi ni la kijani, likiiva ni la manjano na laini, lina nyama yenye utamu kidogo uliochanganyika na uchungu. Huiva wakati wa joto kali, na likiiva huanguka. Halikai mtini miezi. Ndani mna kokwa ndefu, laini, kwa kawaida yenye mbegu moja.

Tunda la mmelia ni duara kama gololi ya watoto. Huwa manjano hafifu, na halina haraka ya kuanguka. Huning'inia mtini katika vishada kipupwe kizima, likikunjamana na kufifia rangi. Ndani mna kokwa ngumu yenye mifereji, kama tende iliyochongwa pembe, na ina tundu la asili katikati. Kwa sababu ya tundu hilo watu wa nchi nyingi wamezitunga kokwa hizi kuwa shanga za tasbihi, na Wakristo rozari. Nimewahi kushika rozari ya namna hiyo shuleni. Lakini kokwa kuwa shanga ni jambo moja, na nyama ya tunda kuwa mdomoni mwa mtoto ni jambo lingine.

Sumu iko zaidi katika tunda. Nguvu yake hutofautiana baina ya mti na mti, kwa hiyo usije ukaambiwa na mtu kwamba "sisi tulikula hatukufa" ukaamini. Aliyekula huweza kutapika, kuharisha, kuumwa na tumbo, kulegea, kuchanganyikiwa, na hali ikizidi kupumua kwa shida. Wapo waliokufa. Wanyama wa kufugwa pia hudhurika. Ndege hula wakaruka zao, nao ndio wanaousambaza mti huu kwa kuangusha mbegu. Kwa hiyo kumwona ndege akila si ushahidi kwamba mtoto naye anaweza kula.

Alama ya nne: mti wakati wa kipupwe

Mwarobaini una majani karibu mwaka mzima. Kabla ya joto kuanza hupukutisha majani mengi ya zamani na mara kuchipua mapya, membamba, yenye wekundu wa shaba. Kwa ukame mkali unaweza kubaki mtupu kwa muda, lakini mwarobaini unaomwagiliwa maji uani hautakaa uchi miezi mizima.

Mmelia hupukutisha majani yote. Kwenda Nizwa, au milimani ambako baridi ni kali zaidi, mwezi wa Januari, utaukuta umesimama matawi matupu, na vishada vya matunda ya manjano vikining'inia juu yake kama taa. Kwenye vitawi vyake vinene utaona makovu makubwa pale majani yalipong'oka, kila kovu lina sehemu tatu.

Ijumaa iliyofuata baada ya mtoto kutoka hospitali nilikwenda Nizwa kuwaona. Mti wenyewe ulikuwa katika hali hiyo hiyo. Mzee yeyote aliyekulia chini ya mwarobaini angeutazama kutoka getini na kusema, mti huu siujui. Nami ningesema hivyo hivyo, laiti ningalikwenda, au laiti ningalisema, "Mwanangu, nitumie picha ya mti mzima."

Alama zisizotegemewa

Gome. Miti yote miwili ikizeeka gome lake hupasuka mifereji na kuwa la kijivu. Mmelia mchanga una gome laini lenye vidoadoa vyeupe, lakini si kila mtu ataona tofauti.

Urefu na kivuli. Mwarobaini kwa kawaida hufika mita 15 hadi 20, na mmelia mara nyingi ni mfupi kuliko huo. Lakini mti uliopogolewa na mtunza bustani huwa na umbo analolitaka yeye.

Uchungu. Hili nalisisitiza. Watu huvunja jani, wakalitafuna, wakakunja uso na kusema, "Mchungu, ndio wenyewe." Majani ya mmelia nayo ni machungu. Uchungu si hati ya kusafiria, na ulimi si chombo cha kuutambulia mti usioujua.

Ndugu wa kambo: mti wa majani ya mchuzi

Kuna mti wa tatu unaoingia katika mkanganyiko huu, nao hauna madhara: ule ambao majani yake hukaangwa kwenye mchuzi wa Kihindi. Wahindi wengine huuita mwarobaini mtamu. Jani lake limegawanyika mara moja, kama la mwarobaini, lakini vijani ni vidogo, havikupinda kama mundu, na ukingo wake ni karibu laini. Ukilisugua jani utasikia harufu ya mchuzi mara moja. Vitunda vyake ni vidogo, vikiiva ni vyeusi vinavyong'aa. Mti wenyewe ni mdogo, mara nyingi kichaka tu. Nautaja ili usije ukaukata kwa hofu, wala usije ukatia mwarobaini katika mchuzi wa wageni.

Ukishaujua, ufanye nini

Kama ni mmelia, huna haja ya kuuonea. Ni mti mzuri wa kivuli na maua. Fagia matunda yanapoanguka, usiweke bembea ya watoto chini yake, waambie wajukuu kwa maneno mepesi kwamba gololi zile haziliwi, na mwambie pia msaidizi wa nyumbani anayeshinda nao. Ukiwa mwenye nyumba na unataka kupanda mti mpya mahali wanapocheza watoto, chagua mwingine.

Mtoto akila, usimlazimishe kutapika na usimpe dawa ya mitishamba juu yake. Mpeleke hospitali, na uchukue tawi lenye jani zima pamoja na tunda. Hapa Oman namba ya dharura ni 9999. Tawi lile alilochukua baba yule lilimsaidia daktari kuliko maneno yangu yote.

Na kama kweli ni mwarobaini, hongera, una mti ambao wengi wetu tumeukuta hata uwanja wa Arafa, ambako ilipandwa kwa maelfu ili mahujaji wapate kivuli. Lakini nao uheshimu. Mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa, wakapata matapishi, usingizi mzito na degedege. Mtoto mdogo na mama mjamzito wasinyweshwe kitu chochote cha mwarobaini bila kumuuliza daktari. Wazee wetu walikuwa na vipimo vyao, na walikuwa wanaujua mti kwa kuishi nao. Sisi tumelibeba jina tukavuka nalo bahari, na macho ya kuutambua mti tumeyaacha ng'ambo.

Siku hizi watu bado wananitumia picha, hata zaidi ya zamani, kwa sababu habari ile ilienea. Kila anayetuma picha ya kijani kimoja namjibu jibu moja: "Mwanangu, nitumie jani zima kutoka kwenye tawi, nitumie tunda au ua kama lipo, na nitumie mti mzima umesimama. Mpaka hapo, mimi siujui." Wengine huona nawasumbua. Yule binti wa Nizwa haoni hivyo. Juzi alinitumia picha nne za mti wa shuleni kwa mwanawe, na moja aliipiga kwapani mwa jani, kichipukizi kinaonekana sawasawa. Niliitazama kwa muda mrefu kabla ya kujibu.